Nusu ya Pili ya Kipindi

Kwanza ilisikika sauti. Ilitoka sebuleni, ikapenya chini ya pazia, ikamfikia Sumaku akiwa amelala chali kitandani, vipande viwili vya kiazi kibichi vimefunika macho yake. Ilikuwa sauti ya kijana, nzito, yenye hasira iliyofungwa breki: "Sisi vijana tumesahauliwa. Mtu unaweza kukaa hapa kutwa nzima, unatazama wenzako tu."

Ilimchukua muda kujua kwamba sauti ile ni yake. Mtu huizoea sauti yake ikitoka kifuani; ikimjia kutoka kwenye televisheni, huiona ngeni.

Akatabasamu peke yake. Akaisubiri sehemu ya geti. Asubuhi ile alikuwa amemweleza dada wa televisheni, mtangazaji, habari za geti kwa kirefu, namna alivyopinda vyuma bapa kwa moto kimoja kimoja mpaka vikawa maua. Alijua alisema vizuri. Hata mpiga picha alikuwa ametikisa kichwa kwa kukubali.

Geti halikuja. Ilikuja sauti ya dada yule, laini kama mafuta: "Hatujui anatumia nini, lakini macho yake yanasema yote. Vijana wawili, karakana moja. Mmoja amechagua kazi, mwingine amechagua kijiwe. Mzazi, wa kwako yuko upande gani?"

Kisha muziki, kisha tangazo la sabuni.

Sumaku alisikia kijiko kikiwekwa juu ya sahani polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Halafu mdogo wake wa mwisho, binti wa miaka tisa ambaye hajawahi kuuzuia ulimi wake, akauliza, "Mama, kwani kaka anavuta?"

"Kula, unyamaze."

"Si wamesema wao?"

"Nimesema kula."

Na katikati ya maneno hayo Sumaku alisubiri sauti moja tu, ya Taratibu, mtoto wa mama yake mdogo, aliyekuwa amekaa pale pale sebuleni. Taratibu ndiye kijana mwingine wa kipindi, yule aliyechagua kazi. Alikuwa na nafasi ya kusema hata neno moja, "hapana," lingetosha. Sumaku alisikia kiti kikisogezwa, nyayo zikitoka nje, mlango ukirudishwa. Basi.

Moto hauanzii kwenye moshi, kwa hiyo turudi nyuma kidogo.

Sumaku alikuwa na miaka ishirini na minne, na sita kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika karakana ya kuchomelea vyuma. Jina hilo alipewa na Mzee, mwenye karakana, kwa sababu tangu siku ya kwanza hakuna msumari ulioanguka akauacha, wala ufundi ulioonyeshwa ukampita. Taratibu alikuja baadaye. Aliletwa nyumbani kwao akiwa na miaka kumi na miwili, mama yake alipohamia mbali kikazi, akapewa kitanda cha pili chumbani kwa Sumaku. Na mtoto wa mama mdogo ni ndugu, hakuna anayepima damu kwa kijiko. Alipomaliza shule Sumaku ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kuwasha moto wa kwanza kwenye chuma. Mzee alimwita Taratibu kwa sababu hata salamu yake ilikuwa haifiki haraka. Lakini alikuwa na sura nzuri, meno yamejipanga, na tabasamu ambalo wateja walilipenda.

Karakana ile ilikuwa na utaratibu wake. Mmoja anatengeneza, mwingine anakwenda kufunga. Anayetengeneza hubaki ndani na masizi yake. Anayefunga huvaa shati safi, hupanda nyuma ya pikapu na geti, husalimiana na mwenye nyumba, hupewa maji ya baridi na ahsante. Sumaku alikataa zamani kwenda kufunga. "Kufunga ni kazi ya wanaojifunza," alisema, na kifua mbele. "Mimi nikimaliza geti nimemaliza. Fundi hafuati kazi yake kama mama anayempeleka mtoto shule."

Hivyo geti la zahanati, siku kumi na moja za jasho lake, maua thelathini na mawili ya chuma, lilikwenda kufungwa na Taratibu. Dada wa televisheni alipompeleka mwanawe zahanati akaliona geti, akalipenda, akamuuliza mlinzi ni nani aliyelitengeneza. Mlinzi akajibu alichokiona: "Ni kijana mmoja mpole, mtaratibu sana." Dada alikuwa na kipindi cha vijana kila wiki. Akaja.

Alikuja Jumatatu, na mpiga picha nyuma yake. Wakati huo kulikuwa na jambo kubwa hewani pale karakanani. Mzee alikuwa anafungua karakana ya pili ng'ambo ya barabara kuu, na alishasema kwamba kabla ya mwezi kwisha atampa mmoja wa vijana wake ufunguo. Hakutaja jina. Sumaku hakuona haja ya kutajwa. Miaka sita ilikuwa inataja yenyewe.

"Geti la zahanati ni kazi yako?" dada alimuuliza Taratibu, kipaza sauti kidevuni.

"Ni kazi ya hapa karakanani."

"Nauliza wewe. Ni mkono wako?"

Taratibu aligeuza macho kidogo. Sumaku alikuwa amesimama hatua nne nyuma, kofia ya kuchomelea kichwani, kioo cheusi kimeshushwa usoni, anasubiri. Alisubiri jina lake kama mtu anayesubiri chenji yake mkononi mwa muuzaji.

"Eeh," Taratibu akasema. "Nililifanya."

Akatabasamu. Meno yakaonekana yote. Mpiga picha akasogea karibu.

Kuna wivu wa kutamani cha mtu, huo ni wa kawaida, unaisha ukilala. Wa Sumaku siku ile ulikuwa mwingine. Alitamani kilichokuwa chake, na alikiona kinavaliwa na mwingine kikamkaa vizuri. Hicho ndicho kilichomkata. Laiti Taratibu angeonekana mjinga mbele ya kamera! Lakini alipendeza. Hata mikono yake, ambayo Sumaku alijua haiwezi kupinda ua moja bila kulivunja, ilipendeza.

Chanda chema huvikwa pete, wanasema. Kilichoichonga pete hakitajwi.

Basi akahamisha kazi yake. Akavuta meza na mashine mpaka nyuma ya bega la Taratibu, mahali ambapo kamera isingeweza kumkwepa, akaanza kuchomelea. Cheche zikaruka. Mpiga picha akafurahi, akainua kidole gumba. Ndipo Sumaku akagundua kwamba akiwa na kile kioo usoni yeye si mtu, ni ndoo yenye miguu. Mama yake mwenyewe asingemtambua.

Akaivua ile kofia.

Mchomeleaji yeyote anajua maana ya kuangalia moto ule kwa macho matupu. Unaweza kuuangalia mara moja kwa bahati mbaya, ukalia usiku, ukajifunza. Sumaku aliuangalia mchana kutwa, kwa makusudi, akikunja tu macho moto unapowaka na kuyafumbua kuona kama kamera imemgeukia.

"We Sumaku, kioo!" Mzee aliita.

"Napima tu, Mzee."

"Unapima nini, kaburi?"

"Namalizia hapa, Mzee, kidogo tu."

Jioni macho yakaanza kuwasha. Baada ya chakula yalikuwa kama mtu kayajaza mchanga wa moto akakoroga na pilipili. Mama yake alimwosha, akamkatia viazi, akamuuliza ilikuwaje fundi wa miaka sita akafanya kosa la mwanafunzi. Alimwambia kioo kilidondoka. Kwenye kitanda cha pili Taratibu aligeukia ukuta, na Sumaku hakumuuliza kitu, maana angemuuliza angempiga.

Asubuhi ya Jumanne alipaswa kubaki gizani. Lakini dada wa televisheni alikuwa anarudi kumalizia mahojiano, na mwenye wivu hana likizo ya ugonjwa. Akaenda. Kazi hakuweza, akakaa kwenye benchi ukutani, mikono imelegea magotini, macho mekundu kama nyanya, yanachuruzika. Dada alipomwona alisimama, akamnong'oneza mpiga picha. Kisha akaja na sauti ya huruma.

"Kaka, mbona wewe hufanyi kazi?"

"Leo sifanyi. Macho haya."

"Pole. Unajisikiaje ukimwona mwenzako anafanikiwa?"

Swali lilimwingia kama lilikuwa linamtafuta. "Roho inaniuma," alisema, "kwa sababu geti lile..." Na hapo akamwaga yote: maua, moto, siku kumi na moja, vijana wanaofanya kazi ndani ambao hakuna anayewaona. Alisema kwa ufasaha. Ufasaha wote ule ukatupwa kapuni. Wakabakiza "leo sifanyi", wakabakiza "roho inaniuma", wakabakiza kusahauliwa na kukaa kutwa. Kipindi kile kilikuwa na viti viwili tu vya vijana, kimoja cha malaika na kimoja cha shetani, na malaika alishakaa tangu Jumatatu.

Jumatano, kesho yake baada ya kipindi kuonyeshwa, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja karakanani mwenyewe. Alikuwa mama mnene wa sauti ya paredi, na alishaagiza geti kubwa la shule. Sumaku, aliyekuja na miwani ya jua ya mama yake, alikuwa nyuma ya mabati akitafuta kivuli.

"Geti langu nataka lifanywe na yule wa televisheni," alisema. "Na yule mwingine asiliguse. Watoto mia saba wanapita pale."

"Mwalimu, yule kijana ni moto wa kuchomelea tu uliompiga machoni," Mzee alisema. "Hana neno."

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Mimi namwona kila siku, mwalimu."

"Wewe ni mzee, watakuzunguka tu. Mimi nimekaa na vijana miaka thelathini, nawajua."

Mzee alikuwa mtu mwema, lakini karakana haijengwi kwa wema peke yake. Mchana aliwaita wote wawili ofisini, chumba chenye meza, kalenda ya mwaka uliopita na feni isiyozunguka. Akamkabidhi Taratibu ufunguo.

"Sumaku, wewe unajua ninavyokuthamini," alianza.

"Najua, Mzee."

"Wateja siku hizi wananunua na sura. Subiri upepo huu upite."

"Sawa, Mzee."

Alitoka nje, akaokota nyundo, akapiga chuma kisichohitaji kupigwa mpaka mkono ukafa ganzi.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Macho yalipona Alhamisi; kilichokuwa nyuma ya macho hakikupona. Mtaani watu walimsalimia Taratibu kutoka mbali. Muuza magazeti alimwita "bwana televisheni". Sumaku naye walimsalimia, lakini kwa ile huruma ya kupunguza sauti, na mama mmoja akamshauri aende kuombewa. Nyumbani walikula meza moja bila kutazamana. Taratibu aliwahi kuanza, "Kaka, mimi sikujua kama watafanya..." na Sumaku akamwomba chumvi, ingawa chumvi ilikuwa mbele yake mwenyewe.

Usiku alimsikia Taratibu akipumua kitandani, akahesabu kila pumzi kama inatoka kwenye fungu lake.

Geti la shule Taratibu alilitengeneza mwenyewe. Dada wa televisheni alikuwa ameahidi kurudi Jumanne kupiga picha likifungwa, mwalimu mkuu ameahidi kuwapanga wanafunzi waimbe. Kwa hiyo Taratibu, ambaye hajawahi kuharakisha kitu tangu azaliwe, akaharakisha. Jumatatu jioni alilipaka rangi ya mwisho, akaondoka kwenda kunyoa.

Sumaku alibaki kufunga karakana. Alilizunguka lile geti, na niseme ukweli, alikuwa anatafuta. Mwenye wivu hutafuta kasoro kwa bidii kuliko mkaguzi. Akaipata kwenye bawaba ya juu. Chini ya rangi, mshono wa chuma ulikuwa umevimba, umekaa juu ya nguzo kama tope lililokaukia ukutani. Moto ulikuwa mdogo, mkono ulikuwa na haraka. Vyuma viwili vilikuwa vimegusana, havikuwa vimeshikana. Geti la uzito ule lingening'inia hapo wiki, pengine mwezi. Kisha siku moja watoto wakilisukuma...

Akaondoa kidole.

Furaha ilimjia kwanza. Sitaificha. Ilimpanda kutoka tumboni, tamu kama maji ya kisima kwa mwenye kiu. Hakuhitaji kufanya chochote. Alihitaji kunyamaza tu. Au bora zaidi, kesho, kamera ikiwaka, wanafunzi wakiimba, apite na nyundo kama mtu anayepita tu, agonge mara moja, geti lianguke mbele ya dada wa televisheni. Kipindi kingine kingekuwa chake. Aliiona picha yote, mpaka shati atakalovaa.

Alifika nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo. Taratibu alikuwa amenyolewa vizuri, anapiga pasi shati jeupe. Yule binti wa miaka tisa alikuwa anamsifu.

"Kesho na sisi tunaimba," alisema. "Mimi nitakaa mbele kabisa, kwenye geti. Mwalimu amesema wafupi mbele."

Sumaku alimtazama. Alikuwa amesahau kwamba shule ile ndiyo anayosoma mdogo wake. Kweli kabisa, alikuwa amesahau. Wivu ulikuwa umejaza kichwa mpaka dada yake mwenyewe akakosa pa kukaa.

Asubuhi alimtangulia Taratibu karakanani. Pikapu ilikuwa haijafika. Taratibu alipoingia na shati lake jeupe, alimkuta kaka yake amesimama mbele ya geti, tindo na nyundo mkononi.

"Bawaba ya juu imeshika juu juu tu," Sumaku alisema.

Taratibu alitazama nyundo, akatazama uso. "Sawa, kaka."

"Sawa nini? Nakwambia haijashika."

"Na mimi nakwambia sawa. Wiki nzima huniongeleshi, leo ndiyo umeona bawaba?" Akasogea hatua moja. "Sema tu una wivu. Mtaa mzima unajua."

"Nina wivu," Sumaku akasema. "Nina wivu mpaka chakula hakipiti. Na bawaba haijashika. Yote mawili ni kweli."

Akaweka tindo kwenye mshono, akapiga mara moja, wala si kwa nguvu. Bawaba ilidondoka sakafuni na ganda la rangi likiwa bado limeishikilia upande mmoja. Chini yake nguzo ilikuwa laini, haina hata kovu.

Taratibu aliiangalia. Kisha akakaa chini pale pale, na shati lake jeupe, juu ya sakafu yenye masizi.

"Nilikuwa nakimbizana na Jumanne," alisema.

"Naona."

"Angekuwepo mdogo wetu."

"Mbele kabisa. Wafupi mbele."

Taratibu alijifunika uso. Alipozungumza tena, maneno yalipita katikati ya vidole. "Nilitaka kusema siku ile. Nilitaka kusema ni kazi yako. Halafu akaniangalia kama... Kaka, hakuna mtu aliyewahi kuniangalia vile. Na nikajua nikisema jina lako atageuka akuangalie wewe. Kila mtu akikuona wewe hanioni mimi. Tangu nina miaka kumi na miwili."

Sumaku alikuwa ameandaa majibu ya wiki nzima, makali, yenye vina kabisa. Akayaacha, akaokota bawaba. Hakuwahi kufikiri kwamba kitanda cha pili nacho kilikuwa kinahesabu pumzi.

Nje, honi ya pikapu ililia. Nyuma yake ilisikika gari nyingine, ya televisheni.

"Siwezi kuimaliza kwa wakati," Taratibu alisema. "Nifanyeje? Niwaambie?"

"Nenda kawasalimie. Taratibu, kama kawaida yako. Waulize hali, waulize safari, waulize watoto. Nahitaji robo saa."

Aliisugua nguzo mpaka chuma kikang'aa, akaongeza moto, akashusha kioo usoni. Alichomelea kama anavyochomelea, bila haraka na bila kusimama, moto ukila chuma cha huku na cha kule mpaka vikawa kitu kimoja. Alipoinua kioo Taratibu alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, sehemu ya nyuma ya shati ni nyeusi ya masizi.

"Dada anauliza kama wewe bado upo hapa," alisema. "Nimemwambia upo. Anasema usipite mbele ya kamera."

Roho ilimuuma Sumaku tena, ile ile, haijapungua hata chembe. Akaipiga bawaba nyundo moja, mbili, tatu, kwa nguvu zote. Haikutingishika. Akampa Taratibu kopo la rangi na brashi.

"Paka hapa, halafu ubadili shati. Leo sitapita mbele ya kamera, na hii bawaba sitamwambia mtu, si Mzee, si mama. Lakini nisikilize, mdogo wangu, na hili nakuahidi mchana kweupe: ufunguo huo nitakunyang'anya. Nitakunyang'anya kwa kazi, mpaka wewe mwenyewe uutoe mfukoni uniletee. Na mpaka siku hiyo, kila geti utakalotengeneza, nitakuja kuligonga."